Chanjo ya mafua kwa watoto hapa Leicester: ya puani na ya sindano, tumepitia zote mbili

Mara ya kwanza kijana wangu alipochanjwa mafua ilikuwa Oktoba 2022, chumba cha nesi kwa GP wetu, yaani kituo cha daktari wa familia, hapa Highfields. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Nilikuwa nimempakata, mikono yake nimeshaibana tayari kwa kilio, kama mama zetu walivyotubana sisi kliniki kule Ngamiani, Tanga. Nesi akafungua pakiti, akatoa kitu mfano wa bomba la sindano, dogo, la plastiki, lakini mbele halina sindano. Lina ncha butu tu iliyofunikwa kifuniko laini. Kwenye kisukumio kumebanwa kipande cha plastiki kama kishikizo. Akaweka ncha kwenye tundu la kulia, akasukuma mpaka kile kishikizo kikazuia. Nusu ya dawa imeingia. Akakichomoa, akahamia tundu la kushoto, akasukuma mpaka mwisho. Mililita 0.1 kila upande, haifiki hata tone mbili tatu za maana. Mtoto akapiga chafya kubwa, akajifuta kwa kiganja, akaomba stika ya simba.

Nikamuuliza nesi kama ile chafya haikuitoa dawa yote. Akasema hapana, inayobaki puani inatosha, hairudiwi.

Tangu siku ile nimepita kila mlango wa huduma hii: kwa GP, shuleni, na kliniki ya waliokosa. Watoto wangu ni wawili, kijana ana miaka saba sasa na binti anakaribia minne. Mama wenzangu Waswahili wa mji huu, wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, hata dada zetu wa Bukavu, kila Septemba wananiuliza maswali yale yale. Nimeona niandike yote mahali pamoja, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia mapema, na moja lilimlaza mtoto wangu kitandani.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kimebeba ndwele mbili kwa jina moja. Kuna mafua ya kawaida: pua inachuruzika, unapiga chafya, unakunywa chai ya tangawizi na mchaichai, unakwenda zako kazini. Halafu kuna influenza, ambayo nayo tunaiita mafua, na ni kitu kingine kabisa. Chanjo hii ni ya hiyo ya pili. Mtu akisikia "chanjo ya mafua" anaona Wazungu wamezidisha. Nani anachoma sindano kwa sababu ya kamasi? Nyumbani Tanzania haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, na kwetu kirusi hiki hakina msimu mmoja mkali kama huku, kwa hiyo tumekua bila kukitambua kwa sura. Mtoto akiwa na homa kali tunawaza malaria kwanza. Huku kinakuja na baridi, watu wamejifungia ndani, madirisha yamefungwa, na watoto ndio wanaokipeleka nyumba kwa nyumba. Ndiyo sababu Uingereza, tangu 2013, imekuwa ikiwachanja watoto wenye afya zao, si wagonjwa peke yao: unamkinga mtoto, na unamkinga bibi yake pia.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu za usiku. Najua influenza inavyomfanya mzee wa miaka 88. Lakini nilikuwa sijaiona kwa mtoto mpaka Desemba 2024.

Ilianza Jumatatu jioni. Kijana alirudi shule akakataa chakula, akasema macho yanamuuma akiyazungusha. Saa tatu usiku kipimo kilisoma 39.8. Nikampa parasetamoli, ikashuka, ikapanda tena. Siku nne mfululizo hivyo. Alikuwa analala mchana, mtoto ambaye tangu ana miaka miwili na nusu hajawahi kulala mchana. Mama alipiga kutoka Tanga, nikamwonyesha kwenye simu. "Mafua tu hayo mwanangu, mfukize, mpake mafuta ya nazi kifuani." Nilimpaka. Siku ya tano homa ikaondoka, nikamshukuru Mungu. Siku ya sita asubuhi nikasikia analia chumbani. Kasimama kando ya kitanda, kashika ukuta, hawezi kukanyaga chini. Akijaribu kutembea anatembelea vidole, visigino viko juu, miguu imekakamaa kama ya mtu anayevuka mchanga wa moto. Nikiishika misuli ya nyuma ya mguu, pale kwenye vigimbi, anapiga kelele.

Wallahi nilidhani mwanangu amepooza. Nikapiga 111, namba ya ushauri wa afya ya huku, wakatutuma hospitali. Walimpima damu na mkojo, na daktari, binti mdogo mwenye subira kweli, akanieleza kwamba ni misuli ya vigimbi imevimba baada ya influenza, inawatokea zaidi watoto wa umri wa shule pale homa inapokwisha, na kwa kawaida huondoka yenyewe baada ya siku chache. Baada ya siku tatu alikuwa anakimbia ngazini. Lakini picha ya yule mtoto kashika ukuta haijaniondoka.

Na dada yake? Binti alikuwa amechomwa sindano ya mafua Oktoba ya mwaka ule ule kwa GP. Alichuruzika pua siku mbili, akala wali wake. Wanalala chumba kimoja. Mtoto mmoja si ushahidi wa chanjo, nalijua hilo, ila mimi ni mama yao na nililiona kwa macho yangu.

Kwa nini kijana hakuchanjwa? Hapa ndipo penye kasoro, na ninaisema bila kutaja timu ya chanjo inayohusika, kwa sababu sikusudii kumwaibisha mtu, nakusudia mama mwingine asiangukie shimo lile lile.

Watoto wa miaka miwili na mitatu (wanaangalia umri wa tarehe 31 Agosti) wanachanjwa kwa GP. Wakishaanza shule, kuanzia darasa la awali mpaka mwaka wa kumi na moja wa shule za huku (Year 11), wanachanjwa shuleni, na mzazi anajaza fomu ya ridhaa kwenye intaneti. Mwaka 2023 nilijaza, akapuliziwa puani shuleni, kwisha. Mwaka 2024 mama mmoja wa Mombasa akaniambia: "We wajua ile ya puani ina jelatini ya nguruwe?" Sikuwa najua. Nikaenda kusoma kijikaratasi, na kweli imeandikwa wazi, wala hawakuficha. Jelatini inatiwa kuiweka ile chanjo imara, isiharibike kabla ya muda wake. Na imeandikwa pia kwamba familia isiyoitaka inaweza kuomba sindano isiyo na jelatini. Basi nikaiomba hapo hapo kwenye fomu.

Siku ya chanjo, katikati ya Novemba, kijana akarudi na karatasi: hakuchanjwa leo, mtapigiwa simu mpangiwe siku ya sindano. Hakuna aliyepiga. Mimi niko zamu za usiku, nalala mchana, nikisema kesho nitapiga mimi. Desemba ikanikuta bado nasema kesho.

Kwa hiyo hili ndilo la kwanza ambalo hakuna aliyeniambia: ukiomba sindano badala ya ya puani, usikae kusubiri simu. Piga wewe, siku ya pili yake, namba iko kwenye ile barua ya ridhaa. Timu nyingine zinakuja na sindano siku hiyo hiyo shuleni, nyingine zinakupa miadi pembeni. Uliza kabla.

Kuhusu jelatini yenyewe, sitamhukumu mtu. Mume wangu alimuuliza sheikh wetu baada ya Isha, na sheikh hakutoa jibu la mkato. Alimweleza kwamba wako wanazuoni wanaosema kitu kikishabadilika kabisa umbile lake kinatoharika, na kwamba mkutano wa wanazuoni na madaktari uliofanyika Kuwait mwaka 1995 ulichukua rai hiyo kuhusu jelatini. Wako wengine wanaosema maadamu mbadala upo na unapatikana, chukua mbadala. Miaka miwili aliyopuliziwa kijana bila sisi kujua, akasema, haina lawama. Nyumbani kwetu tumeshika sindano. Jirani yangu mlango wa pili, Mwislamu kama mimi, wa Lamu, ameshika ya puani kwa rai ile ya kwanza, na watoto wake wamekingwa kama wangu. Kisichofaa ni kukataa ile ya puani halafu usifuatilie ya pili, kama nilivyofanya mimi, mtoto akabaki hana hii wala hii. Na hili si la mafua peke yake: chanjo ya surua hapa nayo ipo ya aina mbili, yenye jelatini na isiyo nayo. Ukiuliza wakati unapanga miadi wanakutafutia.

Sasa nilinganishe dawa zenyewe, maana nimeziona zote mbili karibu.

Ya puani ni chanjo hai iliyodhoofishwa. Kirusi chake kimefanywa kiweze kuzaana kwenye ubaridi wa pua, lakini kwenye joto la mapafu kinashindwa. Akili ya aliyelifikiria hilo naivulia kofia. Haina uchungu, mtoto hahitaji hata kuvuta pumzi kwa nguvu, anapumua kama kawaida. Baada yake kijana alichuruzika pua na kulalamika kichwa siku moja. Ndiyo ambayo wataalamu hapa wanaitanguliza kwa watoto wengi.

Si ya kila mtoto, hata hivyo. Aliyekuwa anakoroma kifua kwa pumu ndani ya saa 72 zilizopita asubiri au apewe sindano. Mwenye kinga dhaifu sana mwilini, na anayetumia dawa ya aspirini kwa ugonjwa wake, hawafai. Pua ikiwa imeziba kabisa wanaahirisha. Mzio wa mayai wa kawaida si kizuizi. Kizuizi ni ule uliowahi kumfikisha mtoto chumba cha wagonjwa mahututi, huyo daktari wake ndiye wa kuamua. Na ni kuanzia miaka miwili. Mtoto mwenye maradhi ya moyo, figo au mengine kama hayo anaweza kupewa sindano tangu miezi sita.

Sindano inaumia, tusidanganyane. Oktoba 2025 niliwapeleka wote wawili kwa wiki mbili tofauti. Binti kwa GP: miadi saa nne na dakika kumi, tumeingia saa nne na robo. Nesi alimuuliza maswali yake huku anamwonyesha kiputo cha sabuni, akamwambia apulize, na alipokuwa anapuliza sindano ikaingia mkononi juu na kutoka. Alilia pumzi tatu. Akaona kiputo kingine kinaelea, akanyamaza. Yule nesi ni fundi. Nimewahi kumwona mmoja tu wa kumfikia, mama mmoja wa kliniki kule Tanga aliyekuwa akiwaimbia watoto wimbo wa kuku huku sindano ameificha kwenye kiganja.

Kijana alikwenda kliniki ya waliokosa shuleni, Jumamosi, ukumbi wa jamii. Safari hii nilipiga simu asubuhi ya pili baada ya siku ya chanjo shuleni, na dada aliyepokea alinipangia hapo hapo, dakika tano. Ukumbi wenyewe ulikuwa baridi, viti haba, foleni moja kwa wenye miadi na wasio na miadi, na mama mwenye watoto watatu alisimama nusu saa nzima na kigari chake. Hilo walirekebishe. Lakini manesi walikuwa watatu, hawakumkimbiza mtu. Kijana aliomba aangalie sindano ikiingia. Nesi akamruhusu. Akaangalia mpaka mwisho, akasema "ni kama siafu." Mkono ulimuuma siku mbili, hasa kuvaa sweta, na homa hakupata.

Novemba ile mafua yalianza mapema kuliko kawaida, aina ya H3N2, na magazeti yakawa yanaandika kwamba kirusi kimebadilika na chanjo haitafaa. Wengi walinitumia habari hizo. Lakini shirika la usalama wa afya la hapa, UKHSA, lilitoa makadirio yake ya mwanzo mwezi huo huo: kwa watoto, chanjo ilikuwa inazuia kufika hospitali kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 75, na kwa watu wazima asilimia 30 hadi 40. Kwa hiyo kwa watoto ilifanya kazi vizuri hasa. Darasani kwa kijana kuna siku walikuwepo watoto 17 kati ya 29. Yeye hakukosa siku.

La pili ambalo hakuna aliyeniambia: gharama na makaratasi. Wako ndugu zetu wanaoogopa kwenda kwa GP kwa sababu viza haijakaa sawa, au hawana bili ya umeme yenye jina lao. Kujiandikisha kwa GP hapa Uingereza hakuhitaji pasipoti wala uthibitisho wa anwani, na chanjo za watoto ni bure. Ukishindwa Kiingereza omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi, nayo ni bure. Mimi nilikuwa natafsiri kwa dada mmoja wa Uvira mpaka nilipojua hivyo, na mkalimani aliyepewa alimweleza mambo mengi kuliko nilivyoweza mimi.

Kwa wanaotoka nyumbani na watoto wadogo, njooni na kadi ya kliniki. Isiachwe kwa bibi kwa kuwa imechakaa. Nesi wa hapa anaisoma. Kwetu tunaanza wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huku ni ya 8, ya 12 na ya 16, kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana yuko mbele kidogo. Ila surua: Tanzania mtoto anachomwa ya kwanza akiwa na miezi 9, na ni ya surua na rubela. Huku dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja hawaihesabu, na yao ina matubwitubwi ndani, na tangu Januari 2026 wameongeza tetekuwanga. Kwa hiyo wakikwambia mtoto aanze upya, si kwamba wameidharau chanjo ya nyumbani. Rafiki yangu aliyetoka Dar alikasirika, akaondoka. Nilimrudisha kwa mkono. Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 Birmingham hapo jirani palikuwa na mlipuko mkubwa wa surua, na surua haingoji mtu apoe hasira.

Na kifua kikuu: huku hawachanji kila mtoto, wanachanja ambao mzazi au babu na bibi wametoka nchi zenye ugonjwa huo kwa wingi, na sisi tumo. Binti yangu alichanjwa baada ya siku 28, kwa sababu wanasubiri kwanza jibu la kipimo cha damu cha mtoto mchanga. Mkunga akisahau kukuuliza umetoka wapi, mwambie mwenyewe. Kovu lake liko bega la kushoto. Langu liko la kulia. Tukioga anaweka kidole kwenye langu, halafu kwenye lake.

Nyota: GP wetu namwekea tano bila kusita. Timu ya shule mbili kwa mwaka 2024, nne kwa 2025, na ya tano wataipata siku watakapompigia simu mzazi bila mzazi kuwapigia wao. Dawa ya puani, tano kwa asiye na shaka ya jelatini. Sindano, nne, kwa ajili ya lile sweta.

Jambo dogo la mwisho. Chanjo ya shuleni haiandikwi kwenye kitabu chekundu cha mtoto, maana kitabu kiko nyumbani na mtoto yuko shule. Wanakupa kikaratasi. Changu cha Oktoba nimekibana kwa pini ukurasa wa chanjo, juu ya kile cha 2024 kilichoandikwa kwamba hakuchanjwa. Nimeviacha vyote viwili.